Dipoli, antena ya wima au waya ya kulishwa mwisho? Na ya CB kwenye lori je

Redio moja ya ham, yaani ya watu binafsi wenye leseni wanaoongea kwa mawimbi kwa kupenda tu, wati 100, nyumba moja hapa Tanga, antena mbili. Ya kwanza ni waya ya nyumba tu nimeitundika juu ya mwembe, hiyo asubuhi inanipa Dodoma na Arusha na Nairobi vizuri kabisa kwenye 7 MHz, ila Muscat usahau. Ya pili ni mwanzi umesimama karibu na ufukwe na waya imefungwa juu yake, hiyo jioni kwenye 14 MHz Muscat anaingia kama vile yuko Pangani, na Dodoma hapo humpati hata kwa dawa. Sasa mtu akiniandikia "kaka nitajie antena kali ninunue" mimi lazima nimrudishie swali, unataka kuongea na nani na kiwanja chako kikoje, manake antena inatupa wimbi kwa mwinuko wake na upande wake, haigawi sawasawa kote, na ukikosea hapo hata redio ya mamilioni haikusaidii.

Nalinganisha zile tatu ambazo mtu anaweza kuzitengeneza mwenyewe nyumbani, alafu nitaingia kwenye CB, zile redio ndogo za masafa mafupi wanazotumia madereva wa Marekani, maana binamu yangu anaendesha lori Texas na swali lake lilikuwa tofauti kabisa. Na kabla ya yote leseni, kurusha mawimbi ni mpaka uwe nayo, mamlaka ya mawasiliano kwetu ni TCRA na Kenya ni CA, ndo unapata alama yako ya kuita inayoanza na 5H huku kwetu au 5Z kwa Kenya.

Dipoli ndo ningemwambia karibu kila mtu aanze nayo kama ana mti au nguzo moja. Ni waya mbili za urefu sawa, kebo inayotoka redioni inaunga katikati, ncha zinafungwa kamba, basi. Urefu wote kwa mita ni 143 gawa kwa megahezi, kwa hiyo 7.1 inakupa mita 20 na kidogo, 14.2 inakupa mita 10, na 28.4 mita 5. Waya nimetumia ile ya kawaida ya kufungia umeme wa nyumba, ya 2.5, plastiki yake unaiacha kama ilivyo ila ujue plastiki inafanya waya ionekane ndefu zaidi kidogo kwa wimbi, ndo maana hukati mara moja ukamaliza. Yangu nilianza na mita 20.6 jumla, nikaipandisha, nikapima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, ikaniambia inakaa 6.92. Hesabu yake haina ugumu, urefu ulionao zidisha kwa masafa uliyoyapata gawa kwa masafa unayoyataka, yaani 20.6 mara 6.92 gawa kwa 7.10, inakuja 20.08, maana yake natoa nusu mita jumla, sentimita 26 kila upande. Nikakunja badala ya kukata, ukiikunja nyuma ukaizungushia kwenye waya yenyewe unaweza kuirudisha ukikosea, nikapandisha tena, 7.09, nikaacha hapo hapo.

Kupandisha kamba juu ya mti kwa mtu wa pwani si kazi. Mshipi wa kuvulia, chubwi mwishoni, manati, unalenga panda ya juu, chubwi likishuka upande wa pili unafunga kamba nyembamba kwenye mshipi unavuta, alafu kwenye nyembamba unafunga kamba nene unavuta tena. Mtoto wa kaka yangu alipitisha mara ya pili tu. Katikati ya dipoli yangu iko mita 7 hivi toka chini na ncha zinashuka pande mbili kama paa la nyumba mpaka kwenye nguzo za mita 2 na nusu. Usizishushe chini ya hapo, ncha za dipoli zina volti kubwa sana ukiwa unarusha na mtoto akishika anaungua kweli. Umbo hilo la paa lina faida nyingine, dipoli iliyonyooka juu angani ina omu 73 hivi na ukiinamisha mikono inasogea kwenye 50 ambayo redio inaipenda.

Na huo urefu wa mita 7 si kwamba nilikosa mti mrefu. Kwa 7 MHz wimbi lina mita 42, sasa waya ikiwa chini ya robo ya wimbi toka ardhini nguvu nyingi inapanda juu karibu wima, inagonga ionosfia, tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi chini, na kushuka kama mvua kuzunguka pale ulipo, kuanzia jirani mpaka kilomita 400, 500. Huku kwetu karibu na ikweta ionosfia ya mchana ina nguvu, 7 MHz inarudi bila shida. Ndo maana Dodoma, kilomita 390 hivi toka hapa kwa mstari ulionyooka, napata kila siku na milima iko katikati, wimbi halipiti milimani, linapita juu. Wazee wetu wa zamani wa simu ya upepo kwenye misheni na hospitali za vijijini walikuwa na waya za namna hii hii, chini tu, na zilifanya kazi.

Kasoro ya dipoli ni nafasi, mita 20 za waya kwenye viwanja vyetu vya mjini si mchezo, na kila dipoli ina bendi yake. Alafu kuna hili la kebo. Dipoli ina mikono miwili sawa ila kebo haiko sawa, ganda lake la nje nalo linataka kuwa antena, na usipolizuia wimbi linarudi na kebo mpaka ndani ya nyumba. Mimi mwanzo nilifunga kebo moja kwa moja bila kitu. Siku ya tatu mama jirani akaja mlangoni.

"Hodi mwanangu."

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba. Hivi ni wewe unayeita hoteli, hoteli, ndani ya sabufa yangu? Nimekaa na tamthilia yangu nasikia tu mwanaume anaita hoteli."

Ndo herufi yangu ile, 5H, tunaitamka Hotel. Nilimwomba radhi sana, jioni ileile nikachukua pete ya feraiti ya mchanganyiko 31, nikazungusha kebo mara 11 ndani yake pale pale juu inapoungana na waya, na kesho yake nikaenda kwake na pete nyingine ndogo nikazungushia waya za spika za sabufa. Toka hapo kimya. Hiyo pete si ya hiari jamani, iweke toka siku ya kwanza, jirani ukimkera mara moja kila kitu kikiharibika kwake mtaani atasema ni antena yako.

Ya wima sasa. Hii ni waya moja au bomba limesimama robo wimbi, 71.3 gawa kwa megahezi, kwa 14.2 ni mita 5, na chini yake waya nyingine zinatawanyika. Mimi nina mwanzi mkavu wa mita 6 na waya imepanda nayo kwa utepe. Uzuri wake inatupa wimbi chini, karibu na upeo wa macho, na wimbi la chini ndo linaruka mbali kwa hatua moja. Tena haichagui upande, wakati dipoli ukiipandisha juu inapendelea pande zake mbili za ubavu. Muscat toka Tanga ni kama kilomita 3,800 kaskazini mashariki. Ili nisiseme kwa kubahatisha nilikata na dipoli ya 14 nikaitundika kwenye mwembe mita 5 toka chini, jioni moja nikawa nabadilisha, dipoli, ya wima, dipoli, ya wima, mzee mmoja wa Muscat mwenye asili ya Unguja akawa ananiambia kwa Kiswahili safi kabisa, "hapo sawa... hapo umezama mwanangu... hapo sawa." Kila aliposema sawa ilikuwa ya wima.

Ila msikimbilie kununua. Ya wima inakula kwenye ardhi. Zile waya za chini ndo nusu yake ya pili, ukiweka mbili tatu kwenye udongo mkavu au kwenye mawe ya matumbawe nguvu yako inapasha ardhi joto tu. Kwenye ardhi ya kawaida weka 16 au zaidi, zilaze tu juu ya udongo, au kama unaweza inyanyue antena yote mita 2 au 3 na uwe na 4 tu za mita 5 zilizonyanyuka nazo. Bahari ndo inabadilisha hesabu, maji ya chumvi ni kioo kwa wimbi hili. Yangu iko hatua chache toka maji yanapofika, bamvua likijaa mawimbi ya bahari yanafika mpaka chini ya waya na nasikia tofauti, maji yakitoka mbali ukabaki mchanga mtupu mzee wa Muscat anashuka. Mtu wa Mombasa, Unguja, Kilwa mwenye kipande karibu na maji, kwa mawasiliano ya mbali mimi ningemwambia ya wima bila kufikiri mara mbili. Mtu wa Dodoma au Nakuru hapana, yeye atandike dipoli yake.

Chumvi hiyo hiyo lakini inakula. Skrubu zote stenlesi, za kawaida msimu mmoja tu zimekwisha. Na ya wima inanyonya kelele za nyumbani kuliko dipoli, inveta ya sola, taa za LED za bei ndogo, chaja, yote hayo, kwa hiyo katikati ya mji unaweza kuwa unarusha mbali na husikii mtu anayekujibu.

Waya ya kulishwa mwisho nitapita haraka kwa sababu inahusu zaidi mtu wa kupanga. Ni nusu wimbi lakini kebo inaunga kwenye ncha badala ya katikati, pale ncha kuna omu elfu kadhaa kwa hiyo unahitaji transfoma ya 49 kwa 1, mizunguko 2 kwa 14 kwenye pete kubwa ya feraiti namba 43. Uzuri wake mkubwa waya ya mita 20 inakubali 7, 14, 21 na 28 bila kubadilisha kitu, unafunga transfoma dirishani, ncha ya pili kwenye mnazi, ukihama unakunja unaweka mfukoni. Mwenye nyumba hata haoni. Kasoro, transfoma inakula kidogo, na wimbi kurudi kwenye kebo ni shida kubwa kuliko dipoli, ile pete ya kuzuia hapa iwekwe pia, mita 2 au 3 toka kwenye transfoma kuelekea redioni. Kama ningekuwa bado napanga chumba ningekuwa nayo hii na ningeridhika.

Kebo watu wanaidharau, na mimi niliidharau. RG-58 ile nyembamba kwa 7 MHz na mita 20 haina neno, ukienda 145 MHz mita 30 za RG-58 zinakula robo tatu ya nguvu yako kabla haijafika juu. Kwa VHF, yaani masafa ya juu kama hayo ya 145, tafuta RG-213 ile nene au fupisha kebo. Lakini ipo moja hapa kwetu haisemwi, RG-6, kebo ya ungo ya kawaida kabisa inayouzwa kila mtaa. Ni omu 75, dipoli iliyonyooka ni 73, na redio ikiona 75 badala ya 50, SWR, kile kipimo cha nguvu inayorudi toka kwenye antena, ni 1.5 tu ambayo inarudisha asilimia 4, sikio la mtu wa upande wa pili haliwezi kuisikia hiyo. Ganda lake ni alumini mara nyingi halishiki solda, tumia konekta zake za kukaza za ungo alafu adapta.

Masika ya mwaka juzi nilipata somo la kebo. Nilikuwa sijaziba vizuri pale juu katikati, nilizungusha utepe wa umeme tu. Mvua zilipoanza SWR yangu ikawa inapendeza kila wiki, 1.4, 1.2, mpaka 1.1 bendi nzima, nikafurahi, na watu wa Arusha wakawa wanasema nashuka. Nilichelewa kuelewa. Maji yalikuwa yameingia kwenye kebo, nilipoichana niliikuta shaba ya kijani mita 3 kuteremka chini, na kebo iliyolowa inameza nguvu ikienda na inameza nguvu ikirudi, kwa hiyo mita ya redioni haioni kitu cha kurudi na inakwambia safi. Usiiamini SWR peke yake. Rezista ya omu 50 nayo ina SWR ya 1 na haifiki hata mlango wa pili. Sasa hivi naziba kwa utepe wa mpira ule unaoshikana wenyewe kwa wenyewe, juu yake utepe wa umeme, na kebo naiachia itengeneze tumbo chini kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee hapo.

Hatari mbili tu nazitaja na naomba uzichukulie kwa uzito. Nyaya za umeme za mtaani, usitupe kamba wala kusimamisha mlingoti mahali ambapo ukianguka upande wowote unaweza kuzigusa, hata ikiwa imebaki mita moja kati yao hapana, hamisha. Na radi, hasa nyie wa kandokando ya Ziwa Victoria ambako radi ni nyingi mno. Chomeka fito ya shaba ardhini, ganda la kebo liungane nayo kabla ya kuingia ndani, na wingu likianza kutanda chomoa kebo uitoe nje ya dirisha. Usisubiri usikie ngurumo.

CB. Binamu yangu alinitumia sauti WhatsApp, "kaka, madereva wenzangu wote wanaongea chaneli 19, mimi nasikia foleni ikiwa nimeshaingia kwenye foleni." Marekani CB haina leseni ya mtu mmoja mmoja, chaneli 40 kati ya 26.965 na 27.405 MHz, wati 4 kwa AM na 12 kwa SSB, ambazo ni njia mbili za kurusha sauti, kwa hiyo nguvu wote mko sawa, kinachokutofautisha na mwenzako ni antena peke yake. Robo wimbi pale ni mita 2.7 hivi, ndo ile fito ya chuma ya inchi 102 na springi yake chini, na hakuna antena ya gari inayoizidi. Lakini lori lake lenyewe ni futi 13 na nusu, ukiongeza fito hiyo kwenye kioo cha pembeni unapiga matawi na madaraja. Ya sumaku ya kubandika juu ya paa inafaa gari dogo la bati, kwenye lori lenye kabati la fiberglasi sumaku haishiki na hata ikishika hakuna bati chini yake, antena inakosa nusu yake ya pili kama vile yangu ya ufukweni ikikosa waya za chini. Zile mbili mbili kwenye vioo zinapendeza, ila zinataka kebo maalum ya omu 75 na zikae karibu mita 2.7 moja toka kwa nyingine, na mguu mmoja ukishika kutu zote mbili zinaharibika. Nikamwambia chukua moja ya fiberglasi, futi 4, ile yenye skrubu ya kurekebisha kwenye ncha, Firestik wanazo, ifunge kwenye mkono wa kioo.

Kazi yote ilikuwa kwenye mguu. Alikwangua rangi pale bano linapokaa mpaka chuma king'ae, akapima kwa mita toka kwenye bano hadi chesisi ikasoma omu nyingi tu, kumbe mkono wa kioo umekaa kwenye mipira. Akavuta utepe wa shaba uliosukwa mpana toka kwenye bano hadi chesisi, ikasoma karibu sifuri. Hapo ndo akapima SWR, chaneli 1, 19 na 40. Kanuni ni hii, SWR ikiwa kubwa kwenye 40 kuliko kwenye 1 antena ni ndefu, punguza, ikiwa kubwa kwenye 1 antena ni fupi, ongeza. Yake ilikuwa 1.6 na 2.4, akateremsha skrubu mizunguko michache, ikaja 1.5 pande zote mbili na 1.2 kwenye 19. Na akija likizo na redio ile nimemwambia aiache huko huko, huku hairuhusiwi kuiwasha ukarusha tu kabla ya kuwauliza TCRA au CA. Ila antena yenyewe ingenifaa, 27 na 28 ni majirani, ukifupisha fito kidogo umepata ya ham ya mita 10, yaani bendi ya 28 MHz.

Kama bado huna redio ya kurusha na unataka kujua kiwanja chako kinapenda antena ipi, sikiliza 14.100 MHz. Kuna vinara 18 duniani, yaani vituo vinavyorusha ishara tu ili watu wapime wanasikika mpaka wapi, vinapokezana pale, kila kimoja sekunde 10, mzunguko unarudi kila dakika 3, kila kimoja kinataja alama yake kwa msimbo wa Morse alafu mistari minne mirefu, wati 100, 10, 1, na sehemu ya kumi ya wati. Kuna 5Z4B ya Kenya, 4S7B ya Colombo, ZS6DN ya Pretoria, siku nyingine kimojawapo kinakuwa kimezimwa. Tundika waya yako ya kwanza, andika kwenye daftari umesikia mistari mingapi toka wapi, badilisha antena, subiri dakika 3, andika tena. Fanya saa 1 asubuhi, mchana na saa 1 jioni kwa wiki nzima. Mimi kwa waya ya mwembe Colombo nilikuwa nasikia mstari mmoja, kwa mwanzi wa ufukweni mitatu.